Nafasi Moja, Mapacha Wawili

Nilibebwa. Naanza nalo mwenyewe ili asije mtu akanianzia. Kila yanapozuka mazungumzo ya wanawake kutengewa viti vyao, au wasichana kupunguziwa alama za kuingilia shule, hakosekani kijana mmoja mwenye tai wa kunitazama kwa pembeni na kusema, "Ninyi wenzetu mlibebwa." Huwa namjibu kwamba ndiyo, nilibebwa, na anayenidai kwa hilo namjua, na si wewe. Hapo ndipo wanaposema mama yule ni mkali. Mimi si mkali hata kidogo. Nililelewa tu na bibi ambaye neno "sawa" lilikuwa linamnyima usingizi, na mtu aliyelelewa hivyo akisikia watu wanabishana juu ya usawa huku wanakula pilau la semina, hawezi kukaa kimya.

Kwetu Isansa mapacha walikuwa na sheria yao. Hapewi mmoja kitu, mwingine akanyimwa, kwa sababu aliyenyimwa ataugua, na akiugua wa kulaumiwa ni mtoaji. Nyumba nyingine waliifuata sheria hii kwa kiasi, nguo za kitambaa kimoja na vikombe viwili vinavyofanana, basi. Bibi yetu, mama yake baba, hakujua kiasi. Nikiumwa malaria mimi, pacha wangu naye alimezeshwa klorokwini, akashinda anajikuna mwili mzima kwa ugonjwa asiokuwa nao. Akivunja chungu yeye, tulichapwa wote wawili, tena kwa fimbo moja. Sisi tuliona ni kawaida. Tuliwaonea huruma watoto wengine, maana wao mtu alichapwa peke yake.

Pacha wangu ni mwanaume. Alitangulia kuzaliwa, akatangulia kutembea, na darasani vilevile alitangulia. Sikuwa mbumbumbu, jamani, lakini yeye alikuwa mbele, na sikuwahi kuona kwamba hilo ni jambo la kugombania.

Tulimaliza darasa la saba mwanzoni mwa miaka ya tisini. Tunduma kulikuwa kumechangamka, sukari ya Zambia inaingia, mitumba inaingia, kila mwenye miguu miwili ana kitu anauza, lakini shule za sekondari za serikali zilibaki zilezile za kuhesabu kwa vidole. Shule yetu nzima ilikuwa ikitoa mtoto mmoja au wawili, na mwaka mwingine hakuna. Siku majina yalipotoka, mwalimu mkuu alikuja nyumbani mwenyewe. Akakaribishwa kiti, akakaa, akavua kofia, akaivaa tena. Akamwambia baba kwamba mimi nimechaguliwa kwenda shule ya bweni ya wasichana, na mwenzangu hakuchaguliwa.

Angeishia hapo tungepata amani. Lakini yule mwalimu alikuwa mtu mkweli, na mtu mkweli akishaanza hana breki. Akaongeza kwamba kijana amefanya vizuri kuliko binti, ila serikali imeamua wasichana waingie kwa alama za chini kidogo, kwa sababu wamebaki nyuma nchi nzima, na wavulana wana mlango wao ambao mwaka huu umekuwa mwembamba. Baba akamwuliza, "Kwa hiyo aliyeshinda ameshindwa?" Mwalimu akasema si kushindwa, ni utaratibu. Pacha wangu alikuwa amesimama mlangoni. Akachukua shoka akaenda kupasua kuni, akapasua za wiki nzima, na jioni mama alipomwita kula alisema ameshiba.

Bibi ndiye aliyetoa hukumu. Kwake hapakuwa na mjadala wa wasichana wala wavulana. Palikuwa na mapacha. Serikali imempa mmoja, imemnyima mwingine, na serikali haikai Isansa kuja kuuguza mtu. Kwa hiyo waende wote au wasiende wote. Shule ile nilikuwa nimeitaka tangu majina hayajatoka, na sasa nilikuwa naipata na kuikosa mlo mmoja, kabla hata ugali haujapoa.

Ukaitwa mkutano wa ukoo. Mjomba alipanda kutoka Tunduma, mtu wa mpakani, amezoea kwamba mzigo ukikwama upande huu unabadilishwa gari unapita upande ule. Pendekezo lake lilikuwa kijana aende badala yangu. Jina la ukoo ni lilelile, tarehe ya kuzaliwa ni ileile, tatizo liko wapi? Shangazi yetu, ambaye hakuwa na subira na wanaume wanaofikiri, akamkumbusha kwamba shule yenyewe ni ya wasichana na kijana ameshaanza kuota ndevu. Mjomba akasema ndevu zinanyolewa. Nakuapia, jambo hilo lilijadiliwa. Watu wazima, mmoja wao mzee wa kanisa, walikaa wakapima kama mwanaume anaweza kuishi miaka minne katika bweni la wasichana pasipo kugunduliwa. Aliyewarudisha duniani ni baba, aliposema kwamba hata asipogundulika, yeye mwenyewe hatapata usingizi.

Basi Bibi akasema twende wilayani. Tukaenda Vwawa, Bibi, baba na sisi wawili, tumevaa kitambaa kimoja. Afisa elimu alitupokea kwa heshima, akamwamkia Bibi shikamoo, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa upole, "Bibi yangu, serikali haitambui mapacha. Kila mtoto anatazamwa kivyake."

"Marahaba, mwanangu," Bibi akasema, maana alikuwa bado hajaitikia ile shikamoo. "Kwa hiyo huyu mmemtazama kivyake?"

"Ndiyo."

"Na mmeona ni msichana."

"Ndiyo, Bibi. Wasichana wako nyuma, tunawavuta."

"Mmeweza kuona huyu ni msichana, mkashindwa kuona wako wawili? Na huyo aliye nyuma, yuko nyuma ya nani? Si ya huyu hapa, mliyemwacha?"

Yule afisa alikuwa msomi. Akaeleza vizuri kabisa kwamba hapimwi mtoto mmoja na ndugu yake, wanapimwa wasichana wote na wavulana wote, na kwamba ukitaka kuinyoosha nchi iliyopinda lazima uvute zaidi upande mmoja. Bibi akatikisa kichwa kama aliyeelewa. Akamwuliza, je, na yule anayekaa upande usiovutwa, ambaye nchi hakuipinda yeye, anapewa nini? Afisa akatazama dirishani. Akasema hilo ni swali zuri. Miaka mingi baadaye nimekaa kwenye semina za watu wenye shahada tatu tatu, na nikakuta wamefika palepale alipofika Bibi, wakatazama dirishani vilevile.

Njiani kurudi Bibi alikuwa amechangamka. Alikuwa amepata jibu lake. Kama serikali haina cha kumpa kijana, atampa yeye. Kila kitakachotolewa kwa ajili ya shule yangu, pacha wangu atatolewa cha kufanana nacho, na kwa njia hiyo sheria haitavunjika na mimi nitakwenda. Nilimshukuru Mungu. Sikuuliza maswali. Ningeambiwa mwenzangu atapewa tembo, ningekubali.

Shule ilitaka tranka, godoro, ndoo, jembe na sare. Baba akanunua kila kitu mara mbili. Fundi cherehani wa Tunduma, mtu wa Kigoma, mpole sana, alinipima sketi ya bluu na shati jeupe, halafu Bibi akamsukuma mbele pacha wangu. Fundi akauliza kijana anakwenda shule gani ili ajue rangi. Bibi akasema haendi popote. Fundi akaandika vipimo bila kuuliza la pili. Ikashonwa kaptula ya bluu, ileile ya kitambaa changu, na shati jeupe lenye mfuko.

Mimi nikaenda shule. Na kila Jumatatu, siku ambayo Bibi aliambiwa wanafunzi hukaguliwa usafi, pacha wangu alivaa sare akaenda nayo shambani. Alipalilia kahawa akiwa na shati jeupe. Alichunga ng'ombe akiwa na shati jeupe. Watu wa Isansa wakaanza kumwita mwanafunzi, kwanza kwa kumtania, mwishowe kwa mazoea, mpaka mgeni akiuliza yule ni nani anajibiwa, "Yule ni mwanafunzi, anafuga." Godoro alilalia. Tranka lilikaa tupu chini ya kitanda hadi kuku alipoliona linafaa, akataga humo.

Haikuishia kwenye vitu. Nilipofunga shule, naye alifungiwa shamba, hagusi jembe mpaka likizo yangu iishe, hata kama magugu yanamfika kiunoni. Wakati wa mitihani yangu ya muhula Bibi alimkalisha ndani kimya, watu wasipige kelele karibu naye. Muhula mmoja nilikamatwa nikiongea wakati wa kujisomea, nikapewa adhabu ya kung'oa kisiki nyuma ya jiko la shule. Nikafanya kosa la kusimulia nyumbani kama kichekesho. Kesho yake asubuhi pacha wangu alionyeshwa kisiki. Alinitazama kwa macho ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nacheka, halafu naacha kucheka.

Kijijini mambo yetu yaliwagawa watu. Wakati wa kupeleka kahawa, kwenye foleni ya mizani, hapakuwa na habari nyingine. Wenye mabinti waliona serikali ina hekima. Wenye wavulana waliona ni dhuluma ya mchana. Kuna mzee mmoja alipinga mpango ule vikali mwaka mzima, akasema taifa linauawa na huruma, halafu binti yake akafika darasa la saba, naye akagundua kwamba alikuwa hajauelewa vizuri. Baba peke yake, mwenye wote wawili siku moja, hakuwa na upande. Alisimama na magunia yake akiombwa maoni kushoto na kulia, akawa anasema kichwa kinamuuma, na nadhani kweli kilikuwa kinamuuma.

Na katika maneno yote yale hakuna aliyemwuliza kijana mwenyewe. Wala mimi sikumwuliza. Tulikuwa tunaongea vizuri tu, tunataniana, ananiuliza chakula cha bweni kikoje, namwuliza ng'ombe gani kazaa. Jambo lenyewe tulilizunguka kama watu wanavyozunguka dimbwi njiani.

Nilipokuwa kidato cha tatu, pacha wangu alipenda. Binti alikuwa wa Itaka, alikuja Isansa kwa dada yake msimu wa kuchuma, mrefu, ana cheko la kusikika mpaka shamba la pili. Yeye, aliyekuwa mtu wa maneno machache, akawa hashikiki. Alijinunulia mafuta ya nywele. Alianza kuimba kanisani. Tulikuwa tumeshakuwa watu wazima, alikuwa na kipande chake cha kahawa, hapakuwa na sababu ya kumzuia. Barua ya posa ikapelekwa Itaka, ikapokelewa, na wazee wa kule wakasema waje wazungumze.

Nilifika likizo ya Juni nikakuta nyumba imefurahi. Bibi alinikumbatia, akanikalisha kitako, akanipa habari zote mbili kwa pamoja. Ya kwanza, mwenzangu anaoa. Ya pili, mimi naolewa.

Nilidhani anatania. Bibi hakuwa na kipaji hicho. Alishangaa kwamba nashangaa. Mmoja akipewa mke, mwingine anapewa nini, godoro? Shangazi na mjomba walikuwa wameshahangaika, wamepata mtu wa Tunduma, mjane mwenye mashine ya kusaga, mtu wa dini, asiyekunywa. Kesho yake akaletwa anione. Alikuwa na shati jipya ambalo pini za dukani alisahau kuzitoa, kila akigeuka linamchoma. Akaniuliza shuleni napenda somo gani. Nikasema baiolojia. Akasema na yeye anaipenda sana, akauliza ndiyo ile ya ramani? Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililoniogopesha, kwamba hapakuwa na mtu mbaya wa kumkasirikia.

Mwanafunzi aliyeolewa alifukuzwa shule, hilo kila mtu alilijua. Nikamwambia Bibi, "Bibi, hii si haki. Nimebakiza mwaka na nusu tu."

"Wewe umesoma miaka yote hiyo, na yeye ameikaa hapa," akasema. "Sasa mnapata kitu kimoja, siku moja. Sawa gani nyingine unayoitaka?"

Nililia, na sioni aibu kusema. Sheria ileile iliyonitoa Isansa na tranka ndiyo iliyokuwa inanirudisha, na sikuwa na pa kuikamatia, kwa sababu nilipokuwa nanufaika nayo sikuikataa. Mama alijaribu kunitetea. Akaambiwa kwamba hakuzaliwa pacha, hajui.

Mkutano wa kupanga mambo ya Itaka ulifanyika kwetu uani. Mimi nilikuwa jikoni, nachochea moto usiohitaji kuchochewa. Baba alieleza mpango wote, ndoa mbili, siku moja, ng'ombe watoke huku waingie kule. Akamwuliza pacha wangu kama ana neno. Lilikuwa swali la desturi tu, hakuna aliyetegemea jibu.

Akasimama. Ilikuwa Jumatatu, na kwa kuwa mimi nilikuwa likizo hakuvaa sare. "Baba, Bibi," akasema, "tukioa na kuolewa siku moja, huyu dada yangu anaacha shule?"

"Ndiyo," Bibi akasema.

"Nafasi ile ilikuwa moja. Alipewa yeye, mimi nikaachwa. Sawa. Lakini akiacha sasa, nafasi haijamfaa yeye wala haikunifaa mimi. Nitakuwa niliachwa bure. Mimi siwezi kukubali kwamba niliachwa bure. Kama hatuoi na kuolewa ila wote, basi sioi."

Mjomba akamwambia akae chini aache utoto, mwanamke mwenyewe anampenda. Akajibu kwamba anajua. Bibi alikuwa amefungwa na sheria yake mwenyewe, na hakuwa mtu wa kuikwepa. Akasema, "Haya. Wote, au hakuna." Na ikawa hakuna.

Watu wa Itaka walikasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika. Ungewaelezaje? Kwamba mposaji amejitoa kwa sababu dada yake anasoma baiolojia? Walituona wote ni vichaa. Mimi nikarudi shule Julai na kusoma kama mtu anayefukuzwa. Kabla mvua hazijaanza yule binti akaolewa Hasamba na mtu mwingine, na pacha wangu akaacha kuimba kanisani.

Desemba nilipofika likizo, nilimfuata shambani. Alikuwa anapalilia, ameshaacha kungoja likizo yangu iishe, mvua ya asubuhi imekatika, udongo unashika jembe. Nilikuwa nimepanga maneno tangu kwenye gari. Nikaanza kumshukuru.

"Usinishukuru," akasema bila kuinua kichwa. "Sikukufanyia wema. Nina hasira na wewe."

"Najua."

"Hujui." Akasimama, akaegemea mpini. "Wamenishonea kaptula. Wamenipa tranka, wameninyamazishia watu, wameninyang'anya jembe kwenye likizo zako. Wameniita mwanafunzi kijiji kizima. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba nilikushinda. Si baba, si Bibi. Si wewe."

Nilitaka kumjibu kwamba mwalimu mkuu alisema. Lakini mwalimu alimwambia baba, hakumwambia yeye.

"Ulinishinda," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Nami sikuweza kuliacha hapo, ndivyo nilivyo. Nikamwambia, "Na mimi niseme langu. Wewe ulipokuwa unasoma jioni, mimi nilikuwa natoka kisimani. Ulipokuwa unasoma asubuhi, nilikuwa nasaga. Bibi aligawa dawa sawa, akagawa fimbo sawa, ndoo hakugawa. Darasa la saba lote nimelisoma nikiwa nimelowa."

Alifikiri. Pacha wangu hasemi kitu kabla hajakipima. "Ni kweli," akasema mwishowe. "Ndoo ilikuwa yako."

"Basi."

"Lakini nilikushinda."

"Ulinishinda."

Tulisimama pale, magugu yamekatika nusu mstari. Yeye alikuwa amekosa shule, na sasa alikuwa amekosa mke, na mimi nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja. Akaokota jembe, akalishika bila kulima, akanitazama.

"Sema tena," akasema.

Nikasema tena.